Mtwara hadi Ho Chi Minh: kwa nini simu inasema saa 9 na nusu na tiketi inasema saa 27

SWALI: Nanunua korosho Tandahimba. Nimealikwa kutembelea kiwanda cha kubangua huko Vietnam, jirani na jiji la Ho Chi Minh. Nilitafuta umbali kwenye simu, nikaambiwa kutoka Mtwara ni kilomita 7,715 na ndege inatumia saa 9 na nusu. Wakala wa tiketi kaniletea safari inayotoka Mtwara Jumanne 10:00, inapita Dar na Doha, inafika Jumatano 13:00. Nikihesabu napata saa 27. Tena kipande cha Doha hadi Ho Chi Minh kimeandikwa 02:00 hadi 13:00, yaani saa 11, lakini kurudi njia hiyohiyo ni 19:00 hadi 23:00, saa 4 tu! Nilipomuuliza akasema ndivyo ndege zilivyo. Nani ananidanganya, simu au wakala?

JIBU: Hakuna aliyekudanganya, dada yangu. Simu imejibu kwamba ndege ikiruka moja kwa moja bila kutua popote ingetumia muda gani. Wakala amejibu kwamba wewe, na begi lako, utafika vipi. Hayo ni maswali mawili. Nilikuwa mpangaji wa safari za ndege kabla sijastaafu na kurudi huku kusini, na abiria wengi hulimeza swali lako wakaenda nalo hivyohivyo hadi wanakokwenda. Wewe umeuliza, basi tuhesabu pamoja.

Kutoka 27 toa 9 na nusu, zinabaki saa 17 na nusu. Kati ya hizo, 4 hazipo kabisa, ni mishale ya saa tu imesogezwa. Saa 9 utazikaa kwenye viti vya viwanja vya ndege, Dar na Doha. Zilizobaki, 4 na nusu, utakuwa hewani kweli, unalipia kuzungushwa. Nianze na zile zisizokuwepo, kwa sababu ndizo zilizokufanya umshuku mtu wa watu.

Tiketi ya ndege popote duniani huandika saa ya kuondoka kwa saa za mahali unapoondokea, na saa ya kufika kwa saa za mahali unapofikia. Tanzania tuko saa 3 mbele ya saa ya kimataifa. Qatar nao wako saa 3 mbele, kwa hiyo Dar na Doha mishale yao inalingana na kipande hicho hakina utata: 17:30 hadi 23:20 ni saa 5 na dakika 50 za kweli. Vietnam wako saa 7 mbele. Wanatutangulia kwa saa 4, mwaka mzima, wala hawana ule mtindo wa Ulaya wa kusogeza saa mara mbili kwa mwaka. Unapofika Ho Chi Minh saa saba mchana, Tandahimba ni saa tatu asubuhi. Kwa hiyo hesabu yako sahihi ni kutoka saa nne asubuhi ya Jumanne hadi saa tatu asubuhi ya Jumatano, saa za nyumbani. Ni saa 23, si 27.

Fumbo la Doha linafunguka kwa ufunguo huohuo. Kwenda, 02:00 hadi 13:00 inaonekana saa 11. Toa 4, unabaki na saa 7 za kuruka. Kurudi, 19:00 hadi 23:00 inaonekana saa 4. Ongeza 4, unapata 8. Rubani hajapata mbio zozote za ajabu. Tena angalia vizuri: kurudi, ambako tiketi inakuonyesha kufupi, ndiko kurefu kwa saa nzima. Sababu ya saa hiyo moja ni ya kweli na haitokani na mishale, nitairudia huko chini kwa sababu ina mambo.

Kabla sijaacha habari ya saa, chunga tarehe pia. Tiketi inabadilisha siku usiku wa manane, saa sita kamili. Sisi tukisema Jumatano usiku tunawazia giza linaloingia baada ya jua la Jumatano kuzama. Sasa 02:00 ya Jumatano kwenye tiketi ni saa nane za usiku wa kuamkia Jumatano. Mtu aliyelala Jumanne kwa amani akapanga kwenda uwanjani Jumatano usiku ameshaachwa karibu siku nzima, na hasara hiyo hailipwi na mtu. Kwako kipande cha Doha hakina hatari, maana saa hiyo utakuwa umeshafika unasubiri. Ila wakala akikubadilishia ukapata ndege ya Dar inayoondoka, tuseme, 03:30 Jumatano, wewe lala macho Jumanne.

Haya, tuje kwenye umbali.

Zile kilomita 7,715 ni za kweli. Umepata bahati simu yako imekuonyesha kilomita, maana umbali huohuo ukiandikwa kwa maili za nchi kavu ni 4,794, na kwa maili za baharini, ambazo ndizo marubani na manahodha wanazotumia, ni 4,166. Watu hubishana vijiweni kila mmoja na namba yake, kumbe wote wako sawa. Maili ya baharini moja ni kilomita 1.852, ya nchi kavu ni 1.609.

Umbali huo unapimwa juu ya mgongo wa dunia, si juu ya ramani ya karatasi. Chukua chungwa, weka alama mbili, vuta uzi ukakaza kati yake: njia ambayo uzi unajilalia wenyewe ndiyo fupi kuliko zote. Wataalamu wanaita duara kuu. Kwa safari za Ulaya na Marekani njia hiyo hupinda sana ukiichora kwenye ramani ya ukutani, ndiyo maana mtu anashangaa kuona ndege ya kutoka London kwenda Los Angeles ikipita juu ya Greenland. Kwetu huku, jirani na ikweta, haipindi sana. Uzi wa Mtwara hadi Ho Chi Minh unaingia baharini moja kwa moja, unavuka ikweta karibu na visiwa vya Maldives ukiwa umebakiza kidogo tu kufika nusu ya njia, unapita kusini mwa Sri Lanka, juu ya visiwa vya Nicobar, unakata ule ukanda mwembamba wa kusini mwa Thailand, unavuka ghuba yao na kuingia Vietnam kutokea upande wa delta ya mto Mekong. Nchi kavu utakayopita ni chache mno. Karibu yote ni Bahari ya Hindi.

Kuna jambo ambalo nadhani hukulitazamia. Dar es Salaam hadi Ho Chi Minh ni kilomita 7,719. Yaani Mtwara na Dar ziko umbali uleule, tofauti ni mwendo wa kutoka stendi hadi sokoni. Dar iko kaskazini zaidi, lakini sisi tuko mashariki zaidi, kiasi cha kilomita 110 (Msimbati ni kwenye ncha ya mashariki kabisa ya nchi yetu), na mambo hayo mawili yanafutana. Kwa hiyo kilomita 400 utakazoruka kutoka Mtwara hadi Dar hazikusogezi hata hatua moja karibu na huko uendako.

Doha nako hakukusogezi kiasi unachofikiri. Dar hadi Doha ni kilomita 3,820 hivi. Ukitua Doha utakuwa umeruka jumla kilomita 4,200 na zaidi, lakini bado umebakiza kama 6,000. Umekwenda elfu nne na mia mbili, umekaribia kwa elfu moja na mia saba. Unapandishwa kaskazini hadi latitudo 25, kisha unateremshwa tena hadi latitudo 11. Jumla ya njia yako ni kilomita 10,200, dhidi ya 7,715 za simu. Umeongezewa 2,500.

Korosho zako zenyewe, zikipakiwa bandari ya Mtwara na kupata meli isiyozunguka bandari nyingine, zinakata bahari kuelekea mlango wa Malaka kwa njia iliyonyooka kuliko ya mwenye korosho. Zitachukua wiki kadhaa, lakini hazitaiona Doha.

Sasa muda wa kuruka unapatikanaje? Mpangaji wa safari ana mitambo yake, lakini kwa matumizi ya nyumbani kuna hesabu nyepesi: gawanya kilomita kwa 850, ongeza nusu saa. Ndege kubwa ya jeti ikishatulia angani, kilomita 10 hadi 12 juu, hukata hewa kwa kama kilomita 900 kwa saa, lakini kupanda kuna polepole yake, kushuka kuna foleni yake, na kutambaa ardhini kutoka maegesho hadi njia ya kurukia kunakula dakika. Muda wa tiketi huanza ndege inapoachia maegesho, si inapoinua magurudumu, na unaisha inapoegeshwa upande wa pili. Hiyo nusu saa na kile kipunguzo cha 900 hadi 850 ndivyo vinavyobeba mambo hayo.

Jaribu. 7,715 kwa 850 ni 9, jumlisha nusu: saa 9 na nusu, sawasawa na simu yako. Doha hadi Ho Chi Minh, 6,000 kwa 850 ni 7, jumlisha nusu: saa 7 na nusu, katikati kabisa ya ile 7 ya kwenda na 8 ya kurudi. Mtwara hadi Dar, kilomita 400: inakuja karibu saa moja, na tiketi yako imeweka saa moja na dakika 10. Ndege ndogo ya mapanga haifiki kasi ya 850, lakini kwa kipande kifupi hivyo tofauti ni ya dakika tu.

Dar hadi Doha ndiyo inagoma. 3,820 kwa 850, ongeza nusu, unapata saa 5. Tiketi inasema 5 na dakika 50. Dakika hamsini zimekwenda wapi? Chora mstari kutoka Dar hadi Doha uone unapita wapi: Kenya, Pembe ya Afrika, Ghuba ya Aden, halafu Yemen. Tangu vita vya Yemen vilipopamba moto mwaka 2015, mashirika makubwa yamekuwa yakilikwepa anga lake, na ndege inazunguka pembeni. Abiria haoni kitu, anakula chakula chake, lakini mafuta yanaungua na saa inasogea. Njia ya ndege huamuliwa na siasa karibu sawa na inavyoamuliwa na jiografia, na nchi ikifunga anga lake leo, muda wa tiketi yako unaweza kubadilika kesho bila mji wowote kuhama.

Kwa hiyo zile saa 4 na nusu za ziada hewani: kama 3 ni za kilomita 2,500 ulizoongezewa, moja ni ya kupanda na kushuka mara mbili zaidi, na nusu iliyobaki ni ya kuzunguka Yemen baada ya upepo kukurudishia kidogo.

Upepo, ndiyo. Pwani yetu inajua pepo zake kwa majina. Kaskazi inavuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, kusi inashika baada ya masika hadi Septemba hivi, na Mikindani ilikuwa bandari kwa sababu ya hizo mbili. Lakini hizo ni pepo za chini. Kule juu ndege inakopita kuna nyingine, na zinaweza kuvuma kinyume kabisa na unachokisikia usoni ukiwa ufukweni. Katika miezi ya Desemba hadi Machi, juu ya Arabia na kaskazini mwa India, hupita mkondo wa upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki, na kasi yake huweza kupita kilomita 150 kwa saa. Marubani wanauita jeti. Ndege inayotoka Doha kwenda mashariki inajitahidi kuupanda. Inayorudi inajitahidi kuukimbia, na haiwezi kuukimbia wote.

Tuseme kwa wastani wa njia nzima upepo unakupa kilomita 60 kwa saa. Kwenda, 900 inakuwa 960, na kilomita 6,000 zinakatwa kwa saa 6 na robo. Kurudi, 900 inakuwa 840, unatumia saa 7 na dakika 9. Tofauti ni karibu saa nzima, na ndiyo ile 7 kwa 8 tuliyoipata kwenye tiketi yako.

Wapo watakaokuambia tofauti hiyo inatokana na dunia kuzunguka chini ya ndege. Nimelisikia hili hata kwa watu waliosoma. Dunia kweli inazunguka kuelekea mashariki, lakini hewa yote inazunguka nayo, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Tena lingekuwa kweli, wewe unayerudi magharibi ndiye ungefika haraka, kwa kuwa Doha ingekuwa inakuja kukupokea. Tiketi yako inaonyesha kinyume. Ulizia mtu wa kijiweni hapo atakujibuje.

Wakati wa kusi mambo hubadilika. Kuanzia Juni hadi Septemba ule mkondo wa magharibi unasogea kaskazini, na juu ya kusini mwa India unazaliwa mwingine unaotoka mashariki kuja Afrika, juu sana, zaidi ya ndege nyingi zinavyoruka, ingawa ubavu wake unazifikia. Faida ya kwenda inapungua. Kwako hili si la kukukosesha usingizi, maana sidhani kama utasafiri kabla ya minada ya korosho kwisha.

Sasa zile saa 9 za kukaa. Saa 6 na dakika 20 Dar, saa 2 na dakika 40 Doha. Hapa ndipo watu wanapouliza: kwa nini hakuna ndege ya moja kwa moja? Si suala la uwezo wa ndege. Boeing 787-8, ile Dreamliner ambayo Air Tanzania ilipokea ya kwanza mwaka 2018, inaweza kuruka zaidi ya kilomita 13,000 bila kutua. Umbali wa 7,700 kwake ni mwendo wa kawaida. Suala ni viti. Ndege ile ya Air Tanzania ina viti 262. Ujiulize ni watu wangapi kutoka Mtwara, Lindi, Masasi na Newala wote kwa pamoja wanaokwenda Ho Chi Minh Jumanne hii. Wewe, labda na mwenzako mmoja. Hata Dar nzima haijazi.

Doha ndiyo Mnazi Mmoja ya anga, namaanisha ile njia panda yetu ya Mingoyo, Lindi. Pale Mingoyo anashuka wa kutoka Masasi, anapanda wa kwenda Dar, na basi linajaa kwa sababu barabara zinakutana, wala si kwa sababu Mingoyo yenyewe ina abiria wengi. Doha na Dubai zinafanya hivyohivyo: ndege za Afrika na Ulaya hupangwa zifike kwa wimbi, usiku, na baada ya saa mbili tatu linaondoka wimbi la kwenda Asia. Wawili kutoka Dar, kumi kutoka Nairobi, wengine Lagos, wengine Paris, ndege ya Ho Chi Minh ikajaa. Saa 2 na dakika 40 zako za Doha zimepimwa makusudi. Zinatosha begi kuhamishwa na wewe kutembea, kwani uwanja ule ni mrefu. Hizo usizipunguze.

Ukipitia Dubai badala ya Doha, njia inapungua kama kilomita 200, robo saa hivi, haina maana ya kubishania. Wapo wanaopenda kupitia Guangzhou kwa kuwa Waswahili wengi wana mazoea nako. Dar hadi Guangzhou ni kilomita 8,700, halafu unarudi nyuma 1,570 kusini-magharibi. Jumla inapita ya Doha, tena utakuwa umeshaingia habari za China na masharti yake ya kupita. Kama huna shughuli huko, sioni sababu.

Mwaliko ungekuwa wa India, habari ingekuwa nyingine. Dar hadi Mumbai ni kilomita 4,680, hesabu yetu inatoa saa 6, na Air Tanzania ilianzisha safari za moja kwa moja mwaka 2019. Mtu wa Tandahimba anayeuza korosho kwa Mhindi anaweza kumfikia haraka sana kuliko anayeuza kwa Mvietnamu, ingawa kwenye ramani hawatofautiani kiasi hicho. (Na huko uongeze saa 2 na nusu kwenye saa yako. Nusu ipo kweli, usifikiri tiketi imekosewa.)

Panapoweza kupunguzwa ni Dar. Saa 6 na dakika 20 ni nyingi, lakini sikushauri ukimbilie kuzifanya mbili. Ndege ya Mtwara ikichelewa, kama wewe na mimi tunavyoijua mvua na ratiba, huna mahali pa kujificha. Ningekubali saa 4. Lakini kabla ya kubishania saa, muulize wakala swali hili kwa maneno haya: Mtwara hadi Dar na Dar hadi Ho Chi Minh ziko kwenye tiketi moja au mbili? Likiwa jibu ni mbili, kila shirika linamjua abiria wake tu. La Mtwara likichelewa, la Doha litaondoka na kukuhesabu kama hukutokea, na mara nyingi tiketi yako ya kurudi nayo inafutwa kwa sababu hukutumia kipande cha kwanza. Na begi utalichukua mwenyewe Dar, utoke nalo, uingie nalo upya kwenye Jengo la Tatu la abiria kwa safari za kimataifa. Zikiwa tiketi mbili, basi ziache hizo saa 6 zilivyo, au uende Dar siku moja kabla ulale kwa ndugu. Nimeona wakala akimpangia mteja saa moja na nusu kati ya tiketi mbili ili bei ya jumla ionekane nzuri. Bei ilikuwa nzuri kweli. Safari haikuwepo.

Basi la usiku nalo lipo, barabara ya Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 560 na wengi wanaitumia. Lakini kuunganisha basi na ndege ya kimataifa siku hiyohiyo, mimi siwezi kukuandikia hilo.

Huko utakakofika, mwili wako utakuwa nyuma kwa saa 4. Si nyingi kama za mtu anayekwenda Tokyo au New York, lakini kwenda mashariki kunasumbua zaidi kuliko kurudi, kwa kuwa unatakiwa kulala mapema wakati mwili haujataka. Wenyeji wako wakikupangia kikao cha saa mbili asubuhi, kwako hiyo ni saa kumi alfajiri. Usikubali kujadili bei saa kumi alfajiri na mtu aliyelala akashiba usingizi. Omba kikao cha kwanza kiwe mchana, siku ya pili. Na ukitaka kupiga simu nyumbani mnada unapoanza saa nne asubuhi, kwako huko ni saa nane mchana; ukingoja hadi saa nne yako ya asubuhi, Tandahimba itakuwa saa kumi na mbili, ndiyo kwanza kunakucha.

Viwanda vingi vya korosho viko nje ya jiji, upande wa kaskazini, mkoa uliokuwa unaitwa Binh Phuoc, ambao mwaka 2025 uliunganishwa na Dong Nai. Kwa hiyo ile saa saba mchana ya Jumatano ni ya kufika uwanjani, si kiwandani. Kuna mwendo wa gari mbele yako, na foleni ya Ho Chi Minh ni ya pikipiki nyingi kuliko bodaboda zote ulizowahi kuziona.

La mwisho, kabla hujalipa. Minada yetu ikiisha mwanzoni mwa mwaka, wengi mnapanga kusafiri Januari au Februari. Katika kipindi hichohicho, kati ya mwishoni mwa Januari na Februari, Wavietnamu wana sikukuu yao ya mwaka mpya, Tet, ambayo tarehe yake inafuata kuandama kwa mwezi na hubadilika kila mwaka. Viwanda hufungwa, wafanyakazi hurudi vijijini, tiketi hupanda. Mwandikie mwenyeji wako akutajie siku watakayofunga na siku mashine zitakapowashwa tena, kisha ndipo umpe wakala tarehe.